Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: nani aliingia na nani alitoka katika bendi za roki mbadala za Marekani

Mtu akianza kusikiliza bendi za Marekani za miaka ya 1980 na 1990, hakawii kugundua kwamba sura zilizo kwenye jalada la albamu moja sizo zilizo kwenye albamu inayofuata. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Hatutazimaliza bendi zote. Tumechukua zile zinazoulizwa zaidi. Ushauri wa kuanzia ni mmoja: ukitaka kuuelewa ukoo huu, usimfuate mwimbaji. Mfuate mpiga ngoma.

Roki mbadala ni roki ipi?

Jina ni pana mno. Miaka ya 1980 lilitumika kwa bendi zilizotoa kazi kupitia lebo ndogo na kupigwa na redio za vyuo vikuu, kwa kuwa redio kubwa hazikuwa na habari nazo. R.E.M. ya Athens, Georgia, na Pixies ya Boston ni mifano mizuri. Mwaka 1991 mambo yakageuka. Agosti 27 ilitoka Ten ya Pearl Jam, na Septemba 24 zikatoka kwa siku moja Nevermind ya Nirvana na Blood Sugar Sex Magik ya Red Hot Chili Peppers. Tangu hapo muziki uliokuwa wa pembeni ukawa ndio muziki wenyewe wa redio, ila jina halikubadilishwa.

Kwa nini wanaobadilika zaidi ni wapiga ngoma?

Kwanza, fedha. Nyimbo za bendi nyingi huandikwa na mwimbaji pamoja na mpiga gitaa, na mirabaha ya utunzi huwaendea hao. Mpiga ngoma ambaye jina lake halimo kwenye utunzi hana mengi ya kumfunga. Pili, studio haina huruma naye. Gitaa lililoteleza linaweza kufunikwa na gitaa jingine, lakini ngoma ikiyumba wimbo mzima unayumba. Tatu, mpiga ngoma hodari anaazimika: mpe rekodi siku chache, atapanda nawe jukwaani.

R.E.M. ndiyo inayothibitisha hilo kwa upande wa pili. Nyimbo zao walizitia majina ya wote wanne, bila kujali nani alianza kuuimba wimbo jikoni kwake. Kikosi hicho kilidumu bila kuguswa kuanzia 1980 hadi 1997. Sidhani kama ilikuwa bahati tu.

Nirvana ilipitia wapiga ngoma wangapi kabla ya Dave Grohl?

Wanaotajwa kwa kawaida ni watano. Bendi ilianzishwa 1987 huko Aberdeen, jimbo la Washington, na Kurt Cobain na Krist Novoselic. Aaron Burckhard alikuwa wa kwanza. Dale Crover wa bendi ya Melvins alikuja kusaidia, Dave Foster akapita, kisha Chad Channing akakaa tangu 1988 hadi 1990 na kupiga sehemu kubwa ya Bleach, albamu yao ya kwanza. Dan Peters wa Mudhoney aliwahi kurekodi nao wimbo mmoja na kupanda nao jukwaani mara moja tu.

Grohl aliingia Septemba 1990. Bendi yake, Scream, ilikuwa imevunjikia njiani Los Angeles, katikati ya ziara. Akampigia simu Buzz Osborne wa Melvins, na Osborne ndiye aliyemuunganisha na akina Cobain. Hata hivyo Channing hakufutika kabisa: matoazi yanayosikika kwenye wimbo Polly, ndani ya Nevermind, ni yake, kwa kuwa rekodi ile ilifanywa kabla Grohl hajafika.

Yule mwenye nywele ndefu kwenye jalada la Bleach ni nani?

Jason Everman. Ametajwa kama mpiga gitaa wa albamu, lakini hakupiga hata noti moja. Alichofanya ni kulipa gharama za kurekodi, dola 606.17, na wenzake wakamweka jina na picha kama shukrani. Alizunguka na Nirvana mwaka 1989, wakaachana, akaenda kupiga besi Soundgarden, na huko nako hakudumu. Baadaye akajiunga na jeshi la Marekani, akawa askari wa vikosi maalumu, akatumikia Iraq na Afghanistan. Kwa mtu aliyeachwa na bendi mbili kubwa za Seattle ndani ya muda mfupi namna hiyo, maisha yake yalikwenda mbali kuliko ya wengi waliobaki.

Jack Irons ni nani, na kwa nini jina lake linajitokeza kila mahali?

Swali hili lilipaswa kuulizwa zaidi ya linavyoulizwa. Irons ni mpiga ngoma mwanzilishi wa Red Hot Chili Peppers. Alisoma shule moja, Fairfax High ya Los Angeles, na mwimbaji Anthony Kiedis, mpiga besi Flea na mpiga gitaa Hillel Slovak. Juni 1988 Slovak alifariki kwa heroini, na Irons, aliyeumia sana, akajitoa.

Miaka miwili baadaye, Stone Gossard na Jeff Ament wa Seattle nao walikuwa na msiba wao. Mwimbaji wao wa Mother Love Bone, Andrew Wood, alifariki Machi 1990, naye kwa heroini, albamu yao ya kwanza ikiwa bado haijatoka. Walirekodi nyimbo mpya zisizo na sauti ya mtu, wakampa Irons kaseti na kumwomba awatafutie mwimbaji. Mwenyewe hakuwa tayari kujiunga, lakini alikuwa na rafiki San Diego aliyefanya kazi ya usiku kwenye kituo cha mafuta na kushinda baharini akiteleza mawimbini. Rafiki huyo ni Eddie Vedder. Aliisikiliza kaseti, akaenda baharini, akarudi na maneno ya nyimbo tatu, akaingiza sauti yake juu ya muziki ule na kuirudisha kwa posta. Moja kati ya hizo tatu ni Alive. Oktoba 22, 1990 bendi hiyo mpya ilipanda jukwaani Seattle kwa mara ya kwanza, ikijiita Mookie Blaylock, jina la mchezaji wa mpira wa kikapu. Jina lilibadilika likawa Pearl Jam, ila albamu ya kwanza ikaitwa Ten kwa sababu ya namba ya jezi ya Blaylock.

Mwishowe Irons mwenyewe alikalia ngoma za Pearl Jam, kuanzia 1994 hadi 1998. Kwa hiyo mtu mmoja ameshiriki kuzianzisha bendi mbili, na moja kati yake aliianzisha kwa kupeleka kaseti tu.

Nipangieni wapiga ngoma wa Pearl Jam kwa mfululizo.

Dave Krusen alipiga kwenye Ten, akaondoka 1991 kabla haijatoka. Matt Chamberlain alikaa wiki chache, akapata kazi katika bendi ya kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live, lakini alipoondoka aliacha pendekezo: Dave Abbruzzese. Huyo alipiga kwenye albamu mbili zilizofuata na kuondolewa 1994. Akaja Irons. Mwaka 1998 akaingia Matt Cameron, aliyekuwa wa Soundgarden, na kukaa hadi alipotangaza kuondoka Julai 2025. Ukihesabu, miaka 27 ya Cameron ni zaidi ya mara tatu ya muda wa wanne waliomtangulia.

Jambo la kando: Mei 2022, wakiwa Oakland, Cameron alipata korona. Nafasi yake ilishikwa na watu kadhaa kwa kupokezana, akiwemo Josh Klinghoffer, ambaye wengi wanamfahamu kama mpiga gitaa wa zamani wa Red Hot Chili Peppers, na hata mwanafunzi wa sekondari aliyeitwa kupiga wimbo mmoja. Rejea tuliyosema hapo juu kuhusu kuazimika.

Ni mpiga gitaa yupi alipiga albamu ipi katika Red Hot Chili Peppers?

Hapa watu hupotea sana, kwa hiyo twende taratibu.

Albamu ya kwanza, ya 1984, haina Slovak wala Irons, ingawa wote wawili ni waanzilishi. Walikuwa na bendi nyingine, What Is This, iliyokwisha kupata mkataba. Gitaa lilipigwa na Jack Sherman, ngoma na Cliff Martinez, ambaye siku hizi anajulikana kwa kutunga muziki wa filamu. Slovak alirudi kwa albamu ya pili. The Uplift Mofo Party Plan ya 1987 ndiyo pekee iliyorekodiwa na waanzilishi wote wanne.

Slovak alipofariki, Kiedis na Flea walijaribu watu kidogo, kisha wakampata John Frusciante, kijana wa miaka 18 aliyezijua nyimbo za Slovak kama shabiki anavyozijua. Mwisho wa 1988 akaingia pia mpiga ngoma Chad Smith, na tangu siku hiyo kiti hicho hakijabadilika. Frusciante yuko kwenye Mother's Milk ya 1989 na Blood Sugar Sex Magik. Umaarufu ulimlemea, Mei 1992, bendi ikiwa ziarani Japani, akaacha. Arik Marshall na Jesse Tobias walipita bila kurekodi albamu. Dave Navarro wa Jane's Addiction alirekodi moja, One Hot Minute ya 1995.

Frusciante alirudi 1998 baada ya kuzama vibaya kwenye dawa za kulevya na kunusurika. Alirudi mpiga gitaa tofauti kabisa, mwenye noti chache na nafasi nyingi katikati yake. Californication ya 1999, By the Way ya 2002 na Stadium Arcadium ya 2006 ni za kipindi hicho. Akaondoka tena, tangazo lilitoka Desemba 2009. Klinghoffer, rafiki yake aliyewahi kupiga naye sana, akashika nafasi kwa miaka kumi na kurekodi albamu mbili, ya 2011 na ya 2016. Mwaka 2012 bendi ilipoingizwa kwenye Jumba la Heshima la Rock and Roll, Klinghoffer alikuwa na miaka 32, wakati Navarro hakujumuishwa. Desemba 2019 Klinghoffer akaambiwa Frusciante anarudi, na mwaka 2022 zikatoka albamu mbili.

Kwa maoni yangu Klinghoffer hakutendewa haki na mashabiki. Walimpima kwa kivuli cha mtu mwingine kila usiku kwa miaka kumi, na bado The Getaway, ile ya 2016, ni albamu inayosikilizika mwanzo hadi mwisho.

Bendi ikivunjika, jina ni la nani?

Ni la yule ambaye mikataba inamtaja, na kwa kawaida huyo ndiye mtunzi. Mfano wa wazi kabisa ni Smashing Pumpkins ya Chicago. Billy Corgan aliandika karibu kila kitu, na kwenye Siamese Dream ya 1993 alipiga pia sehemu kubwa ya magitaa na besi, mpiga gitaa James Iha na mpiga besi D'arcy Wretzky wakiwepo. Bendi ilifungwa Desemba 2000. Juni 2005 Corgan alinunua ukurasa mzima wa gazeti la Chicago Tribune kuwatangazia watu wa mji wake kwamba anataka bendi yake irudi. Iliporudi ilikuwa na yeye na mpiga ngoma Jimmy Chamberlin peke yao katika wale wanne, na baadaye hata Chamberlin akaondoka. Kuna kipindi ilikuwa Corgan na watu wapya watupu, na jina likabaki lile lile. Iha na Chamberlin walirudi 2018; Wretzky hapana. Mwaka 2024 Corgan alipotangaza nafasi ya mpiga gitaa, yalikuja maombi zaidi ya 10,000, akachukuliwa Kiki Wong.

Rage Against the Machine ya Los Angeles ilikwenda njia nyingine. Ilikuwa na watu wanne tangu 1991, na hakuna aliyewahi kubadilishwa. Mwimbaji Zack de la Rocha alipojitoa Oktoba 2000, watatu waliobaki walimchukua Chris Cornell wa Soundgarden, lakini hawakumsimamisha chini ya jina la zamani. Wakajiita Audioslave, wakatoa albamu tatu, na Cornell alipoondoka 2007 wakarudiana na de la Rocha. Nawaheshimu kwa hilo. Wangeweza kuuza tiketi nyingi kwa jina la zamani.

Ni kweli Tom Morello wa Rage Against the Machine ni Mkenya?

Kwa upande wa baba, ndiyo. Baba yake, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia wa Kenya katika Umoja wa Mataifa. Mama yake, Mary Morello, ni Mmarekani. Tom alizaliwa New York mwaka 1964 na kulelewa na mama yake huko Libertyville, Illinois, akasoma Harvard, kisha akahamia Los Angeles kutafuta bendi. Ile milio ya ajabu unayodhani ni ya santuri inayokwaruzwa ni gitaa lake.

Je, Kim Deal yuko Pixies au hayupo?

Hayupo tangu 2013. Alipoingia, mwaka 1986, ilikuwa kwa tangazo la gazeti: bendi ilitafuta mpiga besi anayependa bendi ya punk ya Hüsker Dü pamoja na kundi la nyimbo za asili la Peter, Paul and Mary. Alijitokeza yeye peke yake, na besi alikuwa hajawahi kupiga. Pixies ilivunjika 1993, ikarudi 2004. Alipoondoka, nafasi yake ilipita kwa Kim Shattuck kwa miezi michache, kisha Paz Lenchantin kwa miaka kumi hivi, na tangu 2024 ni Emma Richardson. Deal mwenyewe ana Breeders, bendi yake, na haionekani kama anapungukiwa. Mpiga ngoma wao David Lovering, kwa wanaouliza, alitumia miaka ile ya mapumziko kufanya kazi ya mazingaombwe.

Mwimbaji akifa, bendi inaweza kuendelea?

Inategemea kama sauti yake ilikuwa peke yake.

Nirvana iliisha na Cobain Aprili 1994, na hakuna aliyefikiria kingine. Soundgarden nayo ilisimama Cornell alipofariki Detroit, Mei 2017. Alice in Chains iliendelea, na ukisikiliza Dirt ya 1992 utajua ni kwa nini: sauti ya Layne Staley mara nyingi imeunganishwa na ya mpiga gitaa Jerry Cantrell, na mtunzi mkuu ni Cantrell. Staley alipofariki Aprili 2002, nusu ya ule mwunganiko wa sauti ilibaki hai. William DuVall aliingia 2006, na Black Gives Way to Blue ya 2009 haikujaribu kumwigiza Staley. Ilimwombolezea, na kwenye wimbo wa mwisho Elton John akapiga piano.

Linkin Park ndiyo inayozua ugomvi siku hizi. Chester Bennington naye hakuwa mwimbaji wa kwanza. Aliingia 1999, bendi ikiwa imekwishaanza na Mark Wakefield. Alifariki Julai 2017, na bendi ikakaa kimya miaka saba. Septemba 2024 ikarudi na Emily Armstrong, na mpiga ngoma mpya Colin Brittain kwa kuwa Rob Bourdon hakutaka kurudi. Uamuzi wa kuchukua mwanamke ulikuwa wa busara: hakuna anayeweza kukaa akilinganisha sauti mbili zisizofanana.

Nini kilitokea kwa wapiga ngoma wa Foo Fighters?

Tatizo la kazi hiyo ni bosi. Dave Grohl, yule wa Nirvana, alirekodi albamu ya kwanza ya 1995 karibu yote peke yake, na kwa The Colour and the Shape ya 1997 alirudia mwenyewe ngoma nyingi ambazo William Goldsmith alikuwa amezipiga. Goldsmith akaondoka. Taylor Hawkins, aliyekuwa akimpigia Alanis Morissette, ndiye aliyeiweza nafasi ile, hadi alipofariki Bogotá, Machi 2022. Josh Freese aliingia 2023 na kuondolewa Mei 2025. Kilichofuata ni kama kubadilishana wachezaji: Ilan Rubin alitoka Nine Inch Nails kwenda Foo Fighters, na Freese akarudi Nine Inch Nails.

Bill Berry, mpiga ngoma wa R.E.M., aliondoka kwa ugomvi?

Hapana. Machi 1995 mshipa wa ubongo ulimpasukia akiwa jukwaani Lausanne, Uswisi. Alipona, akarudi, lakini hamu ya ziara ikawa imeisha. Oktoba 1997 aliaga na kwenda kulima Georgia, akiwaambia wenzake kwamba kama kuondoka kwake kutavunja bendi, basi atabaki. Hawakumwajiri mwanachama mpya. Waliendelea watatu, wakitumia mashine na wapiga ngoma wa kuazima, hadi walipofunga Septemba 2011. Juni 2024 wote wanne walipiga wimbo mmoja pamoja New York.

Nisikilize nini ili niyasikie mabadiliko haya kwa masikio yangu?

Chukua albamu mbili mbili. New Adventures in Hi-Fi ya R.E.M., 1996, halafu Up ya 1998: utasikia mahali Berry alipokuwa. Blood Sugar Sex Magik halafu One Hot Minute: gitaa linanenepa ghafla, na Flea anahangaika kutafuta pa kukaa. Kwa Smashing Pumpkins, sikiliza Mellon Collie and the Infinite Sadness ya 1995 halafu Adore ya 1998, iliyotengenezwa Chamberlin akiwa amefukuzwa. Nyimbo nyingi za Adore zinatembea kwa mashine. Ukifika For Martha, ongeza sauti: aliyeshika vijiti ni Matt Cameron, miezi michache kabla ya Pearl Jam kumwita.